Ng'ombe wa Mahari na Upele wa Mama Skola

Wadogo zangu wa zahanati, mlinifanyia sherehe nzuri ya kuniaga. Mlinipa vitenge, beseni na hotuba iliyokaribia kuwa ndefu kuliko utumishi wangu. Katika hotuba hiyo mlisema naondoka na hazina ya uzoefu, lakini sikumwona hata mmoja akiuliza hazina yenyewe ina nini. Macho yote yalikuwa kwenye pilau. Basi nimeamua kuiandika mwenyewe kabla sijaanza kusahau. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na upele mmoja ulionitoa jasho hadi nikatamani kuuombea uhamisho.

Nilifika Sumbawanga nikitokea Morogoro, binti mwembamba mwenye cheti kipya cha utabibu na sweta moja. Nyumbani kila aliyeniaga alinipa onyo lilelile: kule usigombane na mtu, watakutumia radi. Shangazi yangu aliniombea kwa machozi, utadhani napelekwa vitani. Hakuna hata mmoja aliyenitajia baridi. Radi sijatumiwa mpaka leo, ila upepo wa mwezi wa saba ulinipokea stendi, nikaripoti kazini nimejitanda shuka la kitandani. Wagonjwa wa siku ile ndio walionipa pole mimi.

Zahanati yetu mnaijua, ipo pembeni ya mji upande wa kwenda Kasense, na mashamba ya mahindi na ulezi yanaanzia nyuma ya choo. Wakati ule tulikuwa na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano za kioo, kipimo cha presha kilichovuja upepo, na mizani ya watoto iliyomwongezea kila mtoto uzito kidogo. Akina mama waliipenda sana ile mizani. Ilipoletwa mpya iliyosema kweli, wiki nzima walinung'unika kwamba serikali imeleta kitu kinachokondesha watoto.

Aliyenifundisha kazi ni Nesi Perpetua wa mtaa wa Izia, mwanamke mfupi aliyetembea kama ameitwa. Cheti changu alikisoma, akakikunja vizuri, akanirudishia. "Hiki weka sandukuni," alisema. "Sasa njoo ukae hapa, uone watu." Kwake nilijifunza kumchoma mtoto sindano mama yake akiwa bado anasimulia ya shambani. Nilijifunza pia kwamba mgonjwa ukimuuliza umekunywa dawa gani nyingine, atakutajia zile tu anazodhani hutazigombeza.

Na ni yeye aliyenifundisha habari za dawa kugombana na mwili. Siku zile sindano za penisilini tulizichoma kama mvua, na mara moja moja mtu alivimba uso au akatoka mabaka mwili mzima. Nesi Perpetua hakutaharuki. Alitoa huduma, akamweka mtu chini ya macho yake, na baada ya hapo akanitolea somo. "Ukiikata dawa, upele nao unafunga mizigo," alisema. "Wengine wanaondoka kesho, wengine wanajivutavuta kidogo. Lakini ukiona umekaa tu, umestarehe, usiulaumu upele. Jiulize nani anaulisha." Nililiandika somo hilo kichwani nikidhani nimelielewa. Kulielewa hasa nilikuja kulielewa miaka mingi baadaye, yeye ameshastaafu na mimi ndiye mfawidhi, nilipoletewa Mama Skola.

Mama Skola ni mjane, mkulima wa ulezi, na kwenye kwaya ya kigango chao ndiye anayeanzisha nyimbo. Watoto wake wakubwa wameolewa na kuoa huko na huko. Nyumbani alibaki na kitindamimba, Skolastika. Jino lilimuuma, akaenda duka la dawa akanunua vile vidonge vya rangi mbili ambavyo kila Mtanzania anavijua, amoksilini, ndugu wa penisilini, akameza. Kufikia jioni midomo ilikuwa imevimba na mwili mzima umejaa mabaka. Skola akampakia bodaboda akamleta. Tulimtibu, akatulia, nikamwambia na kumwandikia kwenye kadi kwa herufi kubwa kwamba penisilini na ndugu zake wote ni mwiko kwake maisha yake yote. Aliitikia kama anavyoitikia padri.

Baada ya siku chache akarudi, mabaka yaleyale. Nikampa dawa za kutuliza muwasho, nikamwambia avumilie, mwili bado unasafisha. Wiki iliyofuata akarudi tena. Mabaka hutokea asubuhi, alisema, yanamwasha siku nzima, jioni yanapungua, na kesho asubuhi yanaamka naye. Kanisani alikuwa akianzisha wimbo huku anajikuna, na kwaya nzima ikawa inaimba kwa kasi ya kujikuna kwake.

Nilibadilisha sabuni yake. Nikamwambia aanike blanketi juani. Nikamzuia karanga, nikamzuia samaki wa migebuka, nikamzuia mayai, mpaka Skola akaniuliza kwa heshima kama mama yake ale majani. Mwishoni nikamwambia Mama Skola aniletee kila dawa iliyomo ndani ya nyumba yake, bila kuacha hata moja. Alikuja na kikapu. Kulikuwa na dawa ya minyoo ya mjukuu, mwarobaini uliokaushwa, mafuta ya kuchua mgongo, maji ya baraka ndani ya chupa ya soda, na dawa ya kuogeshea ng'ombe.

"Hii ya kupe nayo unaitumia?" nilimuuliza.

"Hapana Daktari, ila umesema nisiache hata moja."

"Na kitu kingine unachokunywa?"

"Maziwa tu, ya kukata sumu ya vile vidonge. Asubuhi kikombe kikubwa. Nikiona muwasho umezidi, naongeza cha pili."

Nani katika nchi hii hajaambiwa kwamba maziwa hukata sumu? Niliandika "maziwa" kama ninavyoandika "ugali", nikaendelea kuitazama ile dawa ya kupe.

Sasa lazima niwaeleze maziwa yalikotoka. Skola alikuwa amechumbiwa na Shija, kijana wa Kisukuma. Baba yake, Mzee Nkwabi, alihamia huku zamani na ng'ombe wake na amekuwa jirani wa Mama Skola tangu Skola akiwa anatambaa. Mahari ilikuwa imeshatolewa, ng'ombe kadhaa, mmoja wao akiwa na ndama na maziwa mengi, mweupe mwenye doa jeusi usoni. Harusi ilikuwa inasubiri mavuno. Baada ya harusi Shija angemchukua mkewe kwenda Msanzi, alikopata shamba zuri la mahindi. Msanzi si mwezini, lakini si hapa pia.

Upele uliendelea na watu wakaanza kuhesabu kwa namna yao. Upele ulikuja baada ya nini? Baada ya vidonge, nilisema mimi. Baada ya ng'ombe, alisema Baba Desideri, mdogo wake marehemu mume wa Mama Skola, mtu anayesikiliza redio mbili kwa wakati mmoja. Akaja zahanati amevaa koti. "Daktari, Jumapili tunakaa kikao cha familia," aliniambia. "Ng'ombe hawa wanarudi kwao. Tunakuomba uwepo, ili isionekane tumewaonea." Nilimuuliza habari za Skola. Akatazama chini, akasema mtoto ni mtoto, atapata mwingine.

Nilikwenda kwa sababu nilimpenda yule binti, na kwa sababu nilichoka kushindwa na upele. Tulikaa sebuleni. Mama Skola alikuwa kwenye kochi akijikuna kiwiko. Skola na Shija waliketi mbalimbali, hawatazamani. Mzee Nkwabi alikaa karibu na mlango na fimbo yake katikati ya magoti, koti zito limefungwa vifungo vyote. Baba Desideri hakupoteza muda.

"Nimemwona kwa macho yangu haya," alisema. "Alfajiri, zaidi ya mara moja. Amechuchumaa zizini kwetu, ana kitu kinang'aa mkononi, ananong'ona. Mtu mzima ananong'ona na ng'ombe alfajiri, wanaongea nini?"

"Nilikuwa namsalimia," alisema Mzee Nkwabi.

"Unamsalimia kwa kumshika kiwele?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Shija alimgeukia baba yake. "Baba, sema. Ulikuwa unafanya nini?"

Mzee aliinamisha macho kwenye fimbo yake. Baba Desideri akasema basi, kimya ni jibu, ng'ombe waondoke leo, na uchumba umekwisha. Hapo Skola akaanza kulia bila sauti, machozi tu yanashuka, na hakuyafuta. Mzee Nkwabi alimtazama binti yule kwa muda, kisha akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Jamani majirani," alisema, "mchawi mkimkemea akaacha, mnaweza kumsamehe. Lakini mtu aliyetoa ng'ombe mgonjwa kwenye mahari, kwetu huyo hata salamu anakosa. Ndiyo maana nilikuwa tayari mniite mchawi." Akatoa mfukoni bomba la sindano kubwa na chupa ndogo, akaviweka mezani karibu na karanga. "Yule mweupe aliugua kiwele hata mwezi haujaisha tangu nimlete. Nikaona aibu. Nikawa naingia asubuhi namchoma, asiyejua asijue. Likipona ziwa hili, linavimba lile. Na ninamnong'oneza kweli. Namwambia tulia, mama, usinitie aibu kwa wakwe."

Niliinuka kabla hajamaliza. "Mzee, samahani, naomba hiyo chupa."

Sikuhitaji miwani. Penisilini, wadogo zangu, iliyochanganywa na dawa mwenzake, nyeupe pepepe, na picha ya ng'ombe kwenye karatasi yake. Nilikaa tena na chupa mkononi. Nilimsikia Nesi Perpetua akiniuliza nani anaulisha. Kumbe mlishaji ni mimi na wenzangu wote tuliomwacha mgonjwa aendelee kunywa maziwa.

Niliwaeleza taratibu. Dawa akichomwa ng'ombe, sehemu yake hutoka kwenye maziwa. Watu wengi wakiyanywa hawahisi kitu. Lakini mtu ambaye mwili wake umeshagombana na dawa hiyo, hata tone linamtambua. Mama Skola alikuwa akinywa penisilini kila asubuhi kwa kikombe kikubwa, na akizidiwa anaongeza cha pili ili kuikata sumu ya penisilini.

"Lakini tunachemsha," alisema Skola, akifuta uso kwa mara ya kwanza.

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Dawa inabaki."

Baba Desideri alikuwa bado hajaridhika. "Ngoja nielewe, Daktari. Anachomwa ng'ombe kule zizini, anavimba shemeji yangu huku jikoni. Na wewe unasema huo si uchawi?"

"Huo ni uchawi wa dukani," nilimwambia. "Una maelekezo yake kwenye karatasi."

"Karatasi niliisoma," alisema Mzee Nkwabi kwa sauti ndogo. "Imesema maziwa yamwagwe. Lakini ningewaambia wamwage, wangeniuliza kwa nini. Nikajisemea, dawa ni dawa. Huenda itamsaidia na mkwe jino lake."

Hapo sebule yote iliangua kicheko, na Shija akaruka kutoka alikokaa akaenda kukaa karibu na Skola, na hakuna aliyemkataza. Mama Skola pekee hakucheka. Alisubiri watu wanyamaze, akasema, "Sawa, nimesikia. Ng'ombe abaki. Lakini harusi nitaisemea siku nitakapokunywa maziwa ya ng'ombe huyuhuyu na nisiwashwe." Tuliona ni neno la haki, tukaafikiana.

Basi tukamwita bwana mifugo, akamchukua mgonjwa wake, yule mweupe, maziwa yakamwagwa, na mimi nikabaki na wangu. Upele ulifunga mizigo kama alivyosema Nesi Perpetua, bila hata kuaga. Ng'ombe alipona, muda wa kusubiri baada ya sindano ya mwisho ukapita, bwana mifugo akaongeza siku zake za tahadhari juu ya hizo, akasema maziwa sasa ni safi. Nikamtumia Mama Skola ujumbe aje anywe mbele yangu, ili kama lipo la kutokea, litokee nikiwa na dawa mkononi. Na ninyi msije mkamwachia mtu wa namna hii ajijaribu nyumbani.

Hakuja. Alisema ni Kwaresima, amefunga maziwa. Pasaka ikapita, akasema kwaya ina mazoezi ya Kipaimara. Kisha ulezi ukaiva, hana nafasi. Kisha akasema anahisi kama muwasho unataka kurudi, mgongoni, mahali ambapo haoni. Niliutazama ule mgongo. Ulikuwa laini kuliko kitambaa changu cha mezani.

Siku moja Shija alinisubiri nje ya zahanati, kofia mkononi. "Shikamoo Mama. Samahani, nilitaka kuuliza. Mama mkwe amepona au hajapona?"

"Marahaba. Amepona, mwanangu."

"Basi mbona haponi?"

Nilikwenda kwa Mama Skola mwenyewe, nikamwambia Jumamosi, na sitaki kusikia habari ya kwaya.

Jumamosi walikuja wote. Benchi la nje lilijaa: Baba Desideri, Mzee Nkwabi na koti lake, Shija. Skola ndiye aliyebeba maziwa, kwenye chupa ya chai iliyofungwa kwa kanga. Nilimwingiza Mama Skola peke yake, nikafunga mlango, nikaandaa sindano yangu ya dharura pembeni. Nikampa kwanza kijiko kimoja. Tukasubiri tukizungumza bei ya mahindi. Hakuna kitu. Nikammiminia kikombe.

Alikishika kwa mikono miwili na hakukipeleka mdomoni.

"Kunywa, Mama Skola. Hutadhurika, na mimi nipo."

"Najua sitadhurika," alisema. "Daktari, tangu ile siku ya chupa mezani najua. Nikinywa hiki nisiwashwe, mwanangu anakwenda Msanzi. Nitaamka asubuhi nimwite nani? Upele angalau ulikuwa unamfanya anikune mgongo."

Nilijifunza mengi chuoni na mengi kwa Nesi Perpetua, lakini kwa maneno yale sikuwa na dawa kabatini. Nilimwambia ukweli niliokuwa nao: hakuna sheria inayomlazimisha mtu kunywa maziwa. Akisema hapana, nitatoka nje niseme hapana, na maneno yatakuwa yangu.

Akageukia dirishani. Pale nje Skola alikuwa amesimama mbele ya Mzee Nkwabi, anamfunga vifungo vya koti ambavyo mzee alikuwa amevipandisha vibaya, anamgombeza kwa kucheka, na mzee anakubali kugombezwa. Mama Skola aliwatazama sana. Kisha akainua kikombe akanywa chote bila kupumua, akakiweka mezani.

Tulikaa. Muda ulipotimia alikunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko akaikagua ngozi yake, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akavigeuza viganja. Akaniomba kioo, akatazama midomo, akatazama nyuma ya masikio. Miaka yote niliyofanya kazi sijamwona mgonjwa mwingine aliyeutafuta ugonjwa wake kwa bidii ile.

"Hakuna kitu," nilimwambia.

"Naona."

Alijipangusa mdomo kwa ncha ya kanga, halafu akajipangusa na macho. Akafungua dirisha, na watu wote wa benchini wakageuka.

"Skola," aliita, "njoo twende kwa fundi, akakupime gauni."